Wakulima Tuna la Kusema Kuhusu Kloni na Vinasaba?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa muhogo hapa Kasulu, mkoani Kigoma. Bwana shamba ametuambia huenda wananchi tukaombwa maoni kuhusu bioteknolojia: mbegu zilizobadilishwa vinasaba, hata wanyama wa kloni kama yule kondoo Dolly. Mume wangu anasema tuwaachie wasomi, sisi wa darasa la saba tutasema nini? Mimi nataka kwenda. Nikifika, niulize nini?
*Mama Mkulima, Kasulu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda, na usikae nyuma.

Nimefundisha baiolojia hapa Tabora mpaka nikastaafu, na nakuhakikishia kloni unaijua. Pingili unayokata kwenye shina la muhogo na kuichomeka ardhini inatoa mmea wenye vinasaba, yaani maelekezo ya urithi, vilevile vya mama yake. Ndiyo maana muhogo mtamu wa jirani unabaki mtamu shambani kwako. Ubaya wake pia unaujua: pingili ya mmea wenye batobato inakuja na ugonjwa wake, na shamba likiwa la aina moja tupu isiyohimili, hupati hata debe la kukumbukia.

Kwa mnyama kazi ni nzito zaidi. Dolly alizaliwa Julai 5, 1996 katika Taasisi ya Roslin, Uskoti. Walichukua seli ya kiwele cha kondoo mzima, wakaiunganisha na yai la kondoo lililotolewa kiini, ile sehemu inayobeba vinasaba. Walifanya hivyo mara 277, wakapata viinitete (mimba changa kabisa) 29 vya kupandikiza, na mwanakondoo akazaliwa mmoja tu. Mfugaji yeyote wa Kasulu ana haki ya kuuliza kama faida inalingana na hasara hiyo.

Kuhusu binadamu, UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilitamka Novemba 1997 kwamba kuzalisha mtu kwa kloni ni kinyume cha utu na kusiruhusiwe. Uingereza iliwauliza wananchi wake mwaka 1998, na mwaka 2001 ikapitisha sheria ya kupiga marufuku.

Sasa tuje kwetu. Tanzania imeridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe waliobadilishwa vinasaba, ambayo kifungu chake cha 23 kinazitaka nchi kushauriana na wananchi kabla ya kuamua juu ya viumbe hao, kisha kuwapa majibu ya uamuzi huo. Majaribio ya mahindi ya aina hiyo yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali ikayasitisha. Mimi sikuulizwa yalipoanza wala yaliposimama. Wewe je? Hilo linaniuma, kwa sababu anayekula ugali ni sisi.

Kwa hiyo usihangaike na maneno ya maabara. Uliza mbegu itakuwa mali ya nani. Uliza kama msimu ujao utaruhusiwa kukata pingili zako mwenyewe na kumgawia wifi yako bila kumlipa mtu. Uliza nani atafidia shamba likiharibika. Maelezo yawe kwa Kiswahili, na yafike kijijini mapema, si asubuhi ya mkutano. Maswali ya akina mama yaandikwe kwenye muhtasari, usomewe kabla hamjatawanyika.

Mumeo mpe heshima yake, mwombe mwende wote. Wakishajibu lile la pingili, niandikie. Wasomaji wengi wa Kigoma na Tabora wanalisubiri.