Uchumi, ualimu au uhandisi?

SWALI: Shangazi, nimeanza chuo cha jamii cha miaka 2 hapa Marekani. Uchumi, ualimu na uhandisi vyote vinanivuta. Naweza kuchagua baadaye?

JIBU: Mwanangu, kama uhandisi umo moyoni, anza hesabu muhula huu huu. Kalkulasi, tawi la hesabu linalohusu mabadiliko, hupandwa kama ngazi, kozi moja baada ya nyingine, na fizikia huisubiri. Mimi niliahirisha muhula mmoja, nikachelewa mwaka mzima, bado inaniuma. Uchumi unakupa nafasi zaidi ya kupumua. Ualimu wa shule za umma kwa kawaida hudai shahada ya miaka 4, kwa hiyo hapo utakuwa nusu ya safari. Kabla ya kujisajili, kiulize chuo kikuu unachotaka kuhamia kitapokea masomo gani. Jibu walitoe kwa maandishi.