Kipimo nilikiacha dirishani, asubuhi nakuta mistari miwili

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 24 naishi Mbagala na mume wangu. Siku zangu hazitulii, mwezi huu 30 mwingine 35. Mara ya mwisho niliona tarehe 2, leo tarehe 29. Tangu wiki iliyopita nachoka hovyo, matiti yanauma, jirani akikaanga vitunguu tu mi natoka nje. Juzi jioni nikapima mimba, mstari mmoja, nikakiacha kipimo dirishani nikalala, asubuhi nakuta mstari wa pili mwembamba kama kivuli! Jirani anasema tayari hiyo, mume wangu anasema malaria, nimeze dawa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hakuna hata mmoja, wote wanabahatisha tu.

Kipimo cha mkojo kinasomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, vingi ni kama dakika 3 mpaka 5, kikilala dirishani usiku kucha mkojo unakauka na kuacha kamstari ka kijivu kanakodanganya watu kila siku. Ila na ule mstari mmoja wa jioni nao usiushike sana maana ulipima mapema mno. Kipimo kinatafuta homoni ya hCG, na mwili unaanza kuitoa yai likishajishikiza kwenye kizazi, hapo ni kama siku 6 mpaka 12 tangu yai litoke, af inapanda taratibu. Wewe juzi hata siku hazijachelewa!

Kwa mtu ambaye siku zake zinarukaruka hesabu kwa mzunguko mrefu, yaani 35. Ukianzia tarehe 2 unaangukia tarehe 6 au 7 ya mwezi ujao. Usipoona kitu, pima asubuhi kwa mkojo wa kwanza kabla hujanywa maji mengi, ukitoka mstari mmoja na siku bado kimya rudia baada ya wiki.

Hivyo vitunguu sikatai, mimi mwenyewe mimba ya kwanza nilikuwa nashuka kwenye daladala kabla ya kituo kwa harufu ya samaki wa mtu. Lakini matiti kuuma na uchovu vinakuja hata siku zikikaribia, kwa hiyo dalili peke yake hazitoshi.

Sasa hiyo dawa ya malaria ya kumeza kwa kukisia, hapo mume wako simuungi mkono kabisa. Nenda kituo cha afya wakutoboe kidole, majibu ni dakika chache tu, na uwaambie mapema kwamba huenda una mimba ili wajue dawa ya kukupa, maana zipo kama doxycycline ambazo mjamzito hapewi. Malaria yenyewe kwa mjamzito si ya kuchezea pia.

Ukisikia maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, damu inatoka, au kizunguzungu cha kuanguka, usisubiri tarehe 7, wahi hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi.

Hicho cha dirishani katupe.