Je, vinasaba "vinatabiri" mbwa?

SWALI: Natafsiri habari za sayansi. Nimepata moja ya watafiti wa Austria wanaosoma vinasaba vya mbwa ili polisi wapate kujua mbwa aliyeuma mtu yukoje. Kichwa nimeandika: "Vinasaba vyatabiri sura ya mbwa." Mwenzangu anasema hakijakaa sawa, ila haelezi kwa nini. Tena, mbwa ana nywele au manyoya?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Kutabiri ni kusema jambo ambalo bado halijatokea, ndiyo maana tuna utabiri wa hali ya hewa. Mbwa huyu ameshauma na ameshakimbia, na rangi yake anayo. Mpelelezi hatafuti yajayo, anatafuta kilichopo ambacho hajakiona. Hapo tumia kukisia, na nomino yake makisio. Kubashiri kuna kasoro ile ile ya kutabiri, na siku hizi watu wakilisikia wanawaza kamari. Kubahatisha nako kunawaonea wataalamu, maana wana msingi wa wanalosema.

Halafu angalia mtenda. Vinasaba havikisii chochote. Wanaokisia ni wataalamu. Vinasaba vinaashiria tu.

Kitenzi ninachokusihi ukikwepe kabisa katika habari hii ni kubaini. Maabara ina kazi mbili tofauti. Moja ni kulinganisha: mate ya mbwa yaliyobaki kwenye jeraha au nguo iliyochanika yanapimwa, kisha vinasaba vyake vinalinganishwa na vya mbwa fulani anayeshukiwa. Vikioana, sawa, andika kwamba mbwa amebainika. Kazi ya pili ndiyo hii ya watafiti wako wa Austria, wa mji wa Innsbruck, waliyoichapisha mwaka 2021. Hapa hakuna mbwa wa kulinganisha naye, kwa hiyo zinasomwa jeni, yaani vipande vya vinasaba vinavyoamua sifa za mwili: za rangi, manyoya, masikio, mkia na ukubwa wa mwili. Jibu linalotoka ni la namna hii: mbwa mdogo, mweusi, mwenye manyoya mafupi. Mbwa wa aina hiyo mtaani ni wengi! Ukiandika "vinasaba vyabaini mbwa aliyeuma", jirani mwenye mbwa mweusi ameshahukumiwa kabla ya kuulizwa, na mnyama wake anaweza kuuawa kwa kosa la mbwa mwingine. Kitenzi kimoja tu kinatosha kuleta madhara hayo.

Neno sura si kosa, lakini wasomaji wengi watawaza uso. Mwonekano unafaa zaidi. Hata hivyo, ndani ya habari kuwa mwangalifu. Mbwa wengi wa aina ya Doberman hukatwa mkia wakiwa wachanga, na masikio hupunguzwa ili yasimame. Jeni hazijui habari za kisu. Zitaonyesha mkia mrefu kwa mbwa ambaye jirani zake wote wanamjua kwa kigutu. Basi andika "alizaliwa na mkia mrefu", usiandike "ana mkia mrefu".

Kuhusu swali lako la mwisho: mbwa ana manyoya, na mmoja ni unyoya. Nywele tumwachie binadamu. Upatanisho nao usikuponyoke: mbwa mweusi, lakini manyoya meusi. Lugha yetu ina utajiri hapa, na habari yako itauhitaji. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa wa kufugwa: FGF5 inahusika na urefu, RSPO2 na yale manyoya magumu yenye masharubu na nyusi nene, KRT71 na kujikunja. Mbwa wa aina ya Poodle amebeba mabadiliko ya zote tatu. Kwa manyoya marefu yaliyonyooka tunalo neno singa, nalo ni zuri mno kuachwa likafia kwenye kamusi. Andika "manyoya ya singa" bila wasiwasi, wasomaji watakuelewa.

Kichwa chako ningekiandika hivi: "Wataalamu wakisia mwonekano wa mbwa kwa vinasaba." Kama unawaandikia zaidi Wakenya, wengi wao wamezoea kuviita vinasaba msimbojeni au DNA yenyewe. Ukichagua DNA, ipatanishe kama nomino ya I-ZI: DNA imeonyesha, si DNA vimeonyesha.