Maswali ya wasomaji: Shaka yenye gitaa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, fundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimelelewa katika Kanisa la Moravian na ninaimba sauti ya nne katika kwaya ya vijana. Mteja mmoja aliniachia memori kadi iliyojaa nyimbo za roki za zamani, na tangu hapo ninazisikiliza kila jioni nikishafunga kibanda. Upo wimbo mmoja, Losing My Religion, ambao mwimbaji anasema dini inampotea, nami kila nikiusikia najiona mimi mwenyewe, kwa kuwa tangu baba afariki sala zangu zimekuwa kama simu inayoita bila kupokelewa. Mama, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema huo ni muziki wa shetani. Je, nyimbo hizi zinaniondolea imani? – Fundi simu, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa baba.

Nianze na wimbo wenyewe, maana umeusikia vibaya kwa namna inayoweza kukusaidia. Ni wa bendi ya R.E.M., kutoka jimbo la Georgia nchini Marekani, nao ulitoka mwaka 1991. Neno kwa neno, jina lake ni kupoteza dini. Lakini watu wa majimbo ya kusini ya nchi ile hutumia msemo huo mtu anapoishiwa na uvumilivu, kama sisi tusemavyo kwamba fulani yamemfika shingoni. Mwimbaji wake, Michael Stipe, amekwisha kueleza kwamba wimbo unahusu mtu anayempenda mwenzake bila kujua kama naye anapendwa. Basi huzuni ya sala zisizojibiwa uliyoisikia humo hukuletewa na R.E.M.; umechota maji ya kisima chako kwa ndoo ya jirani. Sioni dhambi katika kuazima ndoo, ila usije ukasema kwamba waimbaji wale ndio waliokufundisha kutilia shaka, kwani shaka hiyo ulikuwa nayo tangu siku ya mazishi.

Ukitaka wimbo wa roki unaozungumza na Mungu waziwazi, tafuta I Still Haven't Found What I'm Looking For wa U2, bendi ya Dublin, Ayalandi, uliotoka mwaka 1987. Humo mwimbaji anakiri kwamba yuko aliyemfungua minyororo na kuubeba msalaba wa aibu yake, anasema kwamba hayo anayaamini, na papo hapo anarudi kwenye kibwagizo kwamba bado hajakipata anachokitafuta. Wapo waumini waliokwazika kwa kibwagizo hicho, wakidhani kwamba aliyeokoka hana tena cha kutafuta. Mimi nakisikia karibu sana na kilio cha yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9:24, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” ambaye Yesu hakumfukuza, na mtoto wake akaponywa. Tena ugomvi wenu wewe na mama uliwahi kuwakuta vijana hao wa U2: mwanzoni mwa miaka ya 1980 watatu kati ya wanne walikuwa katika kikundi cha maombi, wakafikia karibu kuiacha bendi kwa kuona kwamba roki na imani havikai chungu kimoja.

Hawakuiacha, na mwaka 1983 walitoa wimbo unaoitwa 40, uliotokana na Zaburi ya 40, ile ya mtu aliyemngoja Bwana kwa saburi akapandishwa kutoka shimoni. Kwa miaka mingi waliutumia kufungia maonyesho yao. Angalia walichokifanya: ndani ya zaburi ya shukrani wametia kibwagizo cha kuuliza “hata lini?”, swali ambalo katika Biblia yako utalikuta katika Zaburi ya 6. Shukrani na manung'uniko vinaimbwa kwa pumzi moja, na kwa hali uliyo nayo nadhani hapo ndipo penye faida kwako kuliko katika wimbo wa R.E.M.

Kwa hiyo, unaposikiliza, jiulize mwimbaji anamsemesha nani. Anayemlalamikia Mungu bado anamwita. Zipo pia nyimbo za roki zinazoidhihaki imani tu, na hizo utazitambua bila msaada wangu. (Mimi mwenyewe magitaa yale hunichosha, huzisoma nyimbo hizo kama mashairi, redio ikiwa imezimwa.)

Kwaya usiiache. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililozoea kuungama kwa kuimba, na kiongozi wao wa kale, Zinzendorf, alikuwa mtunzi wa nyimbo za ibada. Huzuni inayosikilizwa peke yako kila jioni huota mizizi. Katika sauti ya nne yupo mwenzako pembeni anayeishika noti wewe ukishindwa.

Mama usibishane naye. Mtafsirie ule wimbo wa 40 kwa Kiswahili, umsomee jioni, ndipo umwambie umetoka wapi.

SWALI: Mwalimu, tunataka kwaya iimbe Hallelujah ya Leonard Cohen katika harusi yetu. Je, inafaa? – Bibi harusi mtarajiwa, Iringa

JIBU: Hongera, binti. Wimbo huo wa mwaka 1984 ni mzuri, lakini ndani yake yumo Daudi akimtazama mke wa mtu akioga, na nywele zinazokatwa kama za Samsoni. Cohen alikuwa akisifu kwa moyo uliovunjika, na wageni wenu wanaojua Kiingereza wataelewa kila neno. Mwombeni mwalimu wa kwaya achukue kibwagizo peke yake.