Baada ya kumpima baba, akanipima mimi

Swali la wiki hii linasema: "Ni nani au ni kitu gani kinachokupa moyo wa kujitunza na kuwatunza wengine?" Jibu langu ni mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, muuguzi mstaafu tunayeishi naye mtaa mmoja hapa Ngamiani, Tanga. Wengi walikuja kutupa pole baba alipougua, na Mungu awalipe. Mama mdogo yeye alikuja kutufundisha kazi, kisha akaigawa.

Baba alipatwa na kiharusi asubuhi akijiandaa kwenda msikitini. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Dalili hizo tatu nawaomba wasomaji wote wazishike, kwa sababu kiharusi kikiwa kimeletwa na damu iliyoganda, sindano ya kuiyeyusha kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuthibitisha kwamba si mshipa uliopasuka. Inaniuma nikisikia familia imemaliza saa hizo ikitafuta nani karoga. Baba alilazwa, hali ikatulia, akaruhusiwa. Tulitoka wodini na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, lakini namna ya kumgeuza kitandani mzee mzito, aliyekata mkonge ujana wake wote, hatukuonyeshwa.

Mama mdogo alikunja shuka mara mbili, akalitandika chini ya baba kuanzia mabegani hadi mapajani. Mimi nikashika upande huu, kaka upande ule. "Kunjeni magoti, migongo iacheni wima. Mnamvuta kwa shuka, hamumburuti." Tukahesabu pamoja, baba akageuka bila ngozi kukwaruzwa. Mto mmoja ukaenda katikati ya magoti, mwingine chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Mkono uliolegea tukakatazwa kabisa kuuvuta, maana bega huteguka kirahisi. Kila baada ya saa mbili tulimgeuza hivyo, na kila alipogeuzwa tulikagua kiuno kwa chini, nyonga na visigino. Kwa ngozi nyeusi kama zetu usisubiri kuona wekundu, alisema. Pitisha mkono utafute mahali palipopata joto au pamekuwa pagumu, au palipozidi weusi kuliko pembeni yake. Vidonda vya kulala huanzia hapo, na vikishaingia ndani kuvitibu ni kazi kubwa.

Kulisha nako kuna ufundi wake. Mgonjwa akae wima, kidevu kiinamie kifuani kidogo, kijiko kiwe kidogo na kipite upande wenye nguvu. Unasubiri ameze ndipo unaongeza. Ukimaliza unaangalia shavu la upande uliolegea, kwani uji hujificha humo. Sauti ikitoka ya majimaji, au akianza kukohoa, unaacha, kwa kuwa chakula kinaweza kuwa kinaelekea mapafuni. Na halazwi mara tu baada ya kula.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa upande wa maneno. Baba alishindwa kuomba maji. Alikitazama kikombe, akafungua mdomo, machozi yakamtoka. Sote tukadhani akili imepotea. Mama mdogo akakaa kando ya kitanda akaanza, "Alhamdu lillahi…" na baba akaendelea mpaka mwisho wa sura, herufi kwa herufi. Mwanangu akamwamkia, "Shikamoo babu," likatoka "Marahaba" kama zamani. Mama mdogo akatueleza kwamba kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo huweza kuharibu uwezo wa kutafuta neno unalolihitaji, ilhali yale yaliyozoeleka kwa miaka mingi, kama sala, salamu, kuhesabu, hata nyimbo, yakabaki. Mtu yumo ndani, anasikia mengi kuliko anayoweza kusema. Kuanzia hapo hakuna aliyemzungumzia baba mbele yake kana kwamba hayupo.

Siku moja, baada ya kumpima baba presha, hakuikunja mashine. Akaniambia, "Nawe kaa hapa, kunja mkono wa nguo." Namba ya juu ilipita 140. Akanipima tena siku nyingine, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi, ikapita tena. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Katika haya yote, lipi linakubana kuliko mengine?" Nilitaka kumtajia hela, dawa, watoto, kazi. Lililotoka mdomoni ni usingizi.

Baadaye nilisikia redioni habari za mabibi wa Harare, nikamkumbuka. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafunza mabibi wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Ndani ya kliniki hapakuwa na nafasi, wakaketi nje kwenye mabenchi. Bibi humsikiliza mtu mpaka mwisho, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja tu na hatua ndogo ya kulishughulikia, na mtu hurudi kueleza imekwendaje. Matokeo ya utafiti juu ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2016, na yalionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mama mdogo hajafika Harare, lakini alinifanyia jambo lilelile sebuleni kwangu.

Tukashughulikia usingizi. Aliwaita kaka na wifi, akaandika zamu kwenye kalenda ya ukutani, na usiku za kaka akaziandika kwa kalamu nyekundu. Kaka anaendesha bajaji, akasema usiku anachoka. Mama mdogo akamjibu kwamba dada yake naye anachoka, na mgonjwa ni baba yao wote wawili. Nalisema hili kwa uzito, kwani majumbani mwetu mgonjwa huachiwa binti au mkwe wa kike, kisha tunamsifu kwa uvumilivu huku anaangamia. Sifa hazimpunguzii presha. Anayempenda aje alale pale usiku mmoja.

Nilipopata usingizi, mengine yakawezekana. Sasa siku za zamu ya asubuhi ya wifi natembea mpaka Raskazone, naitazama bahari, narudi na jasho. Nimeanza dawa niliyoandikiwa kliniki na naimeza kwa saa ileile baba anayomeza yake. Tunakumbushana, yeye kwa kunionyesha kidole. Jikoni tumepunguza chumvi kwa wote, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambazo hazizidi kijiko kimoja cha chai. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi tuliyoizoea, imekuwa ya siku mojamoja, tena baada ya kulowekwa. Ndimu, tangawizi na tui la nazi vimejaza pengo vizuri.

Baba sasa anakaa mwenyewe kitini, na neno "maji" limerudi. Kaka ndiye anayemnyoa ndevu, na zamu yake hataki ibadilishwe. Mwezi uliopita mama wa jirani yetu naye aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa na kiharusi. Mama mdogo alikwenda siku ileile na shuka lake, na kabla hata ya kumwona mgonjwa aliwauliza watoto waliokusanyika barazani nani atalala naye usiku huo, na nani kesho.