Daraja la umri na tahadhari kwa makala ya msanii mwenye utata

Anayeanza kazi hii ya kupima filamu inafaa umri gani mara nyingi humpangia umri msanii badala ya kuipangia filamu. Jina likishaandamwa na kesi, ugomvi na nyimbo zilizofungiwa, mkono unaandika 18 hata kabla ya kutazama. Sifa ya mtu haina daraja. Kinachopimwa ni kinachoonekana na kusikika, kwa undani gani, mara ngapi, na filamu yenyewe imekichukuliaje. Makala, yaani filamu ya maisha halisi, ya msanii mkorofi iliyojaa mahojiano ya mama yake na walimu wake inaweza kutoka na PG (mtoto atazame kwa mwongozo wa mzazi), na ya msanii mpole ikapewa 18 kwa sababu ya nusu dakika ya picha za simu kutoka chumba cha hoteli.

Tenganisha pia mambo mawili. Daraja hutolewa na bodi. Kenya, bodi ya filamu, KFCB, hutumia GE (watu wote), PG, 16 na 18. Tahadhari unaiandika wewe, na lawama zake ni zako.

Tazama filamu mara mbili. Mara ya kwanza kaa kama mtazamaji, bila kalamu. Mara ya pili jaza jedwali: taimukodi (saa, dakika na sekunde za filamu) ya kuanza na kuisha, aina ya tukio, nani anasema au anatenda, kinaonekana au kinasimuliwa tu, na kwa nini kipo. Mstari mzuri unasomeka hivi: «00:41:12–00:41:20, dawa za kulevya, msanii mwenyewe, video ya simu, sindano inaonekana mkononi, kipimo hakitajwi, baada yake dada yake anaeleza alivyolazwa.» Mstari wa «kuna madawa» haumsaidii mtu. Kwa filamu ya dakika 90 tenga siku nzima; ukimaliza kwa saa mbili, ujue uliruka nyimbo.

Na nyimbo ndizo zinazotuumbua. Usisome mashairi kwenye karatasi ukaridhika. Novemba 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Tanzania, lilipoufungia wimbo «Mwanza» wa Rayvanny na Diamond Platnumz, neno lililozua kelele lilikuwa Nyegezi. Kwenye karatasi ni mtaa wa Mwanza, huna la kusema. Kwenye sikio, silabi mbili za mwanzo zikivutwa, kila mtu mzima sebuleni anajua kilichotajwa. Kwa hiyo sikiliza kwa spika, si kwa macho, na lugha ya mtaani mpe anayeizungumza. Kijana wa Eastlands, Nairobi, atakukamatia mambo ambayo wewe wa kamusi utayapita ukitikisa kichwa kwa mdundo. Andika pia wimbo unasikika kwa sekunde ngapi, na kama mtu anazungumza juu yake.

Matusi yakizibwa kwa mlio, kagua sehemu mbili. Midomo: tusi likisomeka mdomoni, mlio haujaficha kitu. Manukuu, yaani maandishi ya chini ya skrini: hutokea sana sauti ikazibwa halafu aliyeandika manukuu akaliandika neno zima, herufi kwa herufi.

Usidhani mahojiano ya kukaa kitini ni mepesi. «Leaving Neverland» ya 2019, ambamo wanaume wawili wanamtuhumu Michael Jackson kuwanyanyasa kingono utotoni, ina takriban saa nne, nyingi zikiwa za watu wanaozungumza, na HBO iliiweka TV-MA, daraja la watu wazima. Maneno yenye undani yanahesabika kama picha.

Ukipeleka kazi nje, usitafsiri daraja kwa kubahatisha. «Amy», makala ya 2015 kuhusu Amy Winehouse, ilipewa R Marekani na 15 Uingereza. Zinafanana kwa mbali tu: R inamruhusu mwenye chini ya miaka 17 kuingia akiwa na mzazi au mlezi, ilhali 15 inamzuia wa miaka 14 hata akishikwa mkono na baba yake.

Picha za jukwaani zina hatari nyingine, taa za kumwekamweka. Mwongozo wa watangazaji Uingereza unataka mimweko isizidi mitatu kwa sekunde pale inapochukua zaidi ya robo ya skrini. Pitisha faili kwenye programu ya kupima mimweko. Jicho lako halihesabu. Tahadhari peke yake haitoshi hapa, maana mwenye kifafa anaweza kuingia katikati ya kipindi. Punguza mwanga au kata.

Sasa maneno ya tahadhari. «Baadhi ya watazamaji wanaweza kukwazika» halisemi kitu. Andika: «Filamu hii ina simulizi za kina za madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto, matumizi ya sindano za dawa za kulevya, na taa za kumwekamweka.» Kesi ikiwa bado mahakamani, neno «madai» lisikosekane, tahadhari si hukumu. Kama kuna kujiua, sema kupo, usitaje njia. Iache tahadhari kwenye skrini iliyotulia kwa muda wa kutosha kusomwa taratibu kwa sauti, isomwe pia kwa asiyeona, na irudiwe mwanzo wa sehemu ya pili. Mwishoni weka namba za msaada zinazofanya kazi: 116 kwa watoto, Kenya na Tanzania, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, Kenya. Zipige mwenyewe kabla hujaziweka.

Trela na bango vinahitaji ukaguzi wao. Kenya, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku maudhui ya watu wazima hayarushwi hewani, na trela iliyokatwa kutoka vipande vikali huwa ndiyo inayopenya jioni, katikati ya taarifa ya habari.

La mwisho, cheti ni cha toleo lililokaguliwa. Mhariri huongeza kipande «kidogo tu» baada ya cheti kutoka. Kila mara linganisha urefu: cheti kikisema dakika 87 na faili ikasoma 89, usiipeleke popote mpaka dakika zile mbili zimetazamwa.