Aliniacha kwenye benchi, akaingia Alhambra peke yake

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi na mume wangu tunaishi Hamburg, huu mwaka wa saba. Yeye yuko ghalani, mimi natunza wazee, na zamu zetu zinapishana. Mwaka huu tulijibana tukaenda kutembea wiki mbili: Lisbon, Seville, Granada, tukamalizia Barcelona. Ratiba aliipanga yeye, saa kwa saa. Kila mji ni yeye mbele, mimi nyuma na jasho langu. Seville tulipanda mnara saa 8 mchana, joto digrii 41.*

*Granada ndiyo iliyonimaliza. Tangu tuoane anazungumza habari za Alhambra, ile ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, habari alizozisikia chuoni Tanga akiwa mtoto anasoma Kurani. Tukiwa tunapanda kile kilima nikashikwa na kizunguzungu, nikamwomba tupumzike. Akaangalia saa, akasema tiketi ni ya saa 8:30 mchana, akaniachia chupa ya maji kwenye benchi akaenda. Alirudi baada ya saa mbili na nusu, macho mekundu kwa jua, hata pole hakunipa. Mpaka leo hatujalizungumza. Picha tulizoweka WhatsApp, watu wa nyumbani wanasema tunakula raha.*

*Sasa ameanza kupanga Roma, Florence na Napoli za mwakani. Nataka nimwambie aende peke yake. Nitakuwa nimekosea?*

*Mchovu wa Hamburg*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Naona hiyo pole uliyoingoja kwenye benchi bado hujaipata, basi chukua yangu kwanza.

Lililo wazi nilimalize mapema. Mtu mwenye kizunguzungu haachwi ugenini, kwenye joto, eti kwa sababu ya tiketi. Chupa ya maji haishiki mtu akianguka. Hapo mumeo alikosea, na una haki ya kumwambia hivyo, siku ambayo nyote wawili hamna zamu na hakuna anayetafuta viatu mlangoni. Ila usimwambie kwa kupitia Roma. Ukisema "nenda peke yako", yeye atasikia habari za safari, na wewe moyoni unazungumza habari za benchi. Mtagombana mwezi mzima juu ya Napoli, mji ambao haujamkosea mtu.

Sasa nieleze hiyo saa 8:30, maana nimepanda kilima hicho kwa miguu yangu. Tiketi ya Alhambra si kama ya sinema, kwamba ukichelewa unaingia gizani unatafuta kiti. Bustani na ngome mna nafasi ya kuzunguka mtakavyo, lakini yale majumba ya wafalme wa Banu Nasri yana saa yake, imeandikwa kwenye tiketi pamoja na jina lako, na pasipoti inaangaliwa. Saa ikipita, umekosa. Kiangazi tiketi hizo huisha wiki nyingi kabla. Na ukishafika juu getini bado una mwendo wa robo saa au zaidi mpaka kwenye mlango wenyewe. Kwa hiyo mwanamume yule alikuwa anahesabu dakika tangu asubuhi, na wewe ulipokaa chini aliona miaka yake yote ya kuota inakaa na wewe.

Simtetei. Tena kuna basi dogo, namba C30, linatoka katikati ya mji na kupanda mpaka juu kabisa. Ratiba yote ile ya saa kwa saa, na basi hakuliona!

Lakini lililonifanya nikujibu wewe wiki hii, kabla ya barua nyingine, ni maneno yako matatu: "mekundu kwa jua". Umeyapitisha haraka. Mwanangu, mle ndani jua liko uani tu. Kwingine ni vivuli, maji na kuta. Na kuta zile zimeandikwa, kuanzia usawa wa bega mpaka darini, kwenye plasta iliyochongwa kama kazi ya sindano. *Wala ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mungu, juu ya mlango, pembeni ya dirisha, tena na tena mpaka unaacha kuhesabu. Watalii wanayapiga picha wakidhani ni maua. Aliyekaa mkekani chuoni Tanga hayaoni maua, anasoma. Na anajua kwamba walioyaandika walishindwa, kwamba mji ulikabidhiwa kwa wafalme Wakristo, Ferdinand na Isabella, tarehe 2 Januari 1492, na maandishi yamebaki pale pale ukutani.

Mimi sikuwapo, na macho hayo sikuyaona. Inawezekana ni jua kweli. Lakini nakuuliza: ulimuuliza? Najua utasema kwa nini umuulize wewe, ndiye aliyekuacha. Ni kweli. Yeye hakukuuliza saa mbili na nusu zilikwendaje pale kwenye benchi, kila anayeteremka ukiinua shingo kuangalia kama ni yeye. Na wewe hukumuuliza ameona nini. Mkashuka kilima pamoja, kila mtu na mzigo wake, mkaenda kupiga picha ya kutabasamu. Hao wa nyumbani waache na raha yao, hawana kosa. Wao wanasoma walichoandikiwa.

Nikupe yangu. Zamani kidogo, mimi na marehemu mzee wangu, mwalimu wa historia kutoka Mombasa, tulikuwa Lisbon, kule Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Ukiingia kanisani tu, pale karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama: jiwe jeupe, mwenyewe amelala juu yake, viganja pamoja kama anayeomba dua. Mzee akasimama. Nami nina njaa, na viatu vyangu vilikuwa vimeteleza asubuhi nzima kwenye yale mawe madogo wanayosakafia njia za miguu, yanang'aa kama sabuni. Yeye kasimama tu. Mwisho nikamwambia, "Huyu amekufa 1524, hakusikii, twende tukale."

Hakuniambia neno mpaka magharibi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa na mambo ya kumwambia yule bwana, habari za Mombasa na Aprili ya 1498, na alikuwa ameyapanga tangu nyumbani. Nami nilimkatiza kwa ajili ya samaki.

Usiku tukaingia mkahawa, tumenuna kama watu waliopigana. Mhudumu akatupokea: "*Mesa para dois?*" Mzee akanitazama. "Meza," akasema. Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi. Tulikaa pale mpaka viti vinapandishwa juu, tunahesabu kwenye karatasi ya kufutia mikono: meza, bendera, mvinyo, leso. Gereza, akanieleza, limetokana na neno lao la kanisa, na hilo tulilibishania mpaka hotelini. Siku hizi sikumbuki tulikula nini. Orodha ile naikumbuka yote.

Sasa hizo safari zenu. Nyinyi Hamburg mnaonana mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka. Halafu ghafla mko pamoja mchana na usiku siku kumi na nne, chumba kimoja, simu moja yenye ramani, na digrii 41. Hata mimi na mzee wangu, tuliokula sahani moja kila siku, tulinuniana. Nyinyi mlikuwa mnajifunza kuishi pamoja juani.

Tena mlikosea saa. Wenyeji wa Seville saa 8 mchana hawapandi mnara wa Giralda. Wamefunga madirisha ya mbao, wamelala, na mitaa imebaki ya paka na wageni. Mnara ule ulikuwa wa msikiti, na hauna ngazi ila kwa juu kabisa. Unapanda miteremko 35 iliyotengenezwa ili mwadhini apande na farasi. Naam, farasi! Wewe ulipandishwa kwa miguu saa ambayo hata farasi angekataa. Mwezi wa saba kule jua linazama baada ya saa 3:30 usiku, na saa 4 utaona bibi na wajukuu uwanjani, watoto wanapiga mpira. Siku ya Seville ina asubuhi na ina usiku. Katikati ni ya kulala, na mume na mke wakilala mchana kwenye chumba chenye kiyoyozi sijasikia kwamba kuna anayeandikia magazeti kulalamika.

Kwa hiyo, kama mtakwenda tena, tiketi moja tu kwa siku, na iwe ya asubuhi. Zamu za kuongoza mgawane, siku yake na siku yako. Na siku yako hata ukitaka kukaa kwenye kiti cha mkahawa kuangalia watu wanavyovaa, ndiyo ratiba hiyo, asiguse saa. Joto likikutesa mwende mwezi wa kumi. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa barabarani, ya bure, baridi, usinunue chupa. Na Florence msithubutu kuingia katikati kwa gari la kukodi, kamera zinaandika namba na faini inawafuata mpaka Hamburg baada ya miezi, mkiwa mmeshapatana.

Lakini mimi ningekuwa wewe, hiyo Roma nisingemnyima wala nisingempa kwanza. Ningengoja ale, ningemwambia habari za benchi mpaka mwisho, bila kupunguza. Halafu ningemuuliza alisoma nini kule ndani. Na akimaliza kueleza, ningemwomba turudi Granada, tiketi mbili za saa 2:30 asubuhi wanapofungua, anisomee ukutani mwenyewe, kwa kidole.

Na safari hii mpande basi.